Muzee Yuengling na bia ya wachimbaji wa makaa

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu wa nyumbani, kila mara tunaandika hapa juu ya mushahara na ajali. Leo tunazungumuza juu ya bia. Musifikiri sendika imeenda kupumzika: bia hii ilizaliwa katikati ya migodi.

David Gottlob Jüngling alizaliwa mwaka 1808 kule Aldingen, katika ufalme wa Württemberg, inchi ya Ujerumani. Akingali kijana akavuka bahari, na Marekani akabadilisha namna ya kuandika jina lake, likakuwa Yuengling. Mwaka 1829 akafungua kiwanda cha bia katika muji wa Pottsville, jimbo la Pennsylvania. Akakiita Eagle, maana yake tai. Hakuchagua muji ule bure. Pottsville iko katika eneo la makaa ya mawe, yale magumu yanayoitwa antrasiti, na wachimbaji walikuwa wanafika kwa wingi kutoka Wales, Uingereza, Ujerumani, kisha Irlande. Mutu akitoka chini ya udongo na vumbi kooni, sisi tunajua anatafuta nini. Fundi wa bia naye alijua.

Mwaka 1831 moto ukateketeza kiwanda. Akajenga kingine pa Mahantongo Street, ubavuni mwa mulima, na ule mulima njo ulikuwa mali yake. Wakati ule frigo haikuwako. Watu wakachimba mapango ndani ya mwamba, kwa mikono, kama vile galeri za kwetu, na mapipa yakalazwa humo ndani ya baridi. Kiwanda cha bia chenye mugodi wake! Kingali kinasimama palepale. Bia yake moja ya zamani ni Porter, nyeusi. Mwenye kupenda Tembo ataelewa.

Mutoto wake David alienda kufungua kiwanda kingine Richmond, katika Virginia. Frederick alibaki kwa baba, na tangu 1873 jina likakuwa D. G. Yuengling & Son.

Muzee alikufa mwaka 1877. Mwaka ule hatuwezi kuuruka. Wachimbaji wa eneo lile walikuwa wamepata sendika yao tangu 1868, ile ya John Siney. Mwaka 1875 waligoma karibu miezi sita, njaa ikawashinda, sendika ikavunjika. Wakubwa wa reli, wenye kuwa pia na migodi, walikuwa wamekwisha kuleta wapelelezi wa kulipwa. Tarehe 21 Juni 1877, wanaume sita walinyongwa pa gereza la Pottsville, na wengine ine Mauch Chunk siku ileile. Walisemewa kuwa wa kundi la siri la Molly Maguires. Muji ni uleule, wenye kunywa ni walewale.

Familia iliendelea. Frank, mutoto wa Frederick, alishika kiwanda mwaka 1899 na akabaki mpaka 1963. Mwaka 1920 serikali ilipokataza pombe, walitengeneza bia isiyolevya, na wakafungua kiwanda cha maziwa na krimu ya barafu upande wa pili wa barabara. Watu wa serikali wakaziba mapango kwa ukuta wa matofali. Katazo lilipoisha, 1933, kiwanda kiliwaka tena. Desturi yao inatushangaza kidogo: mutoto harizi bure, ananunua kiwanda kwa baba yake.

Leo wageni wanatembezwa humo na kuonyeshwa mapango, chupa za zamani, sinia za kubebea glasi, mapipa, na alama ya tai. Watu wengine wanakusanya vitu vile nyumbani na kuuziana kwa bei kali. Sisi tunauliza: taa ya karbidi ya babu yako iko wapi? Na jetoni yake ya kazi? Nyingi zimeenda kwa wanunuzi wa vyuma, kwa kilo.

Pa gereza la Pottsville kuko kibao cha kukumbusha wale walionyongwa. Mumoja wao, John Kehoe, aliyenyongwa palepale mwaka 1878, alisamehewa na gavana wa Pennsylvania mwaka 1979, kisha miaka mia moja.