Olonana: Laiboni aliyehamishwa na reli

Nakuru ni mji uliozaliwa na reli. Kabla ya garimoshi kufika hapo mwaka 1900, hapakuwa na maduka wala posta. Palikuwa na ziwa, nyasi na ng'ombe wa Wamaasai. Mji ulitangazwa rasmi mwaka 1904, na Desemba 1, 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Kila historia hiyo inaposimuliwa, husifiwa wahandisi walioilaza reli na walowezi waliolima ngano kandokando yake. Ni nadra kutajwa mtu ambaye watu wake waliondolewa ili hayo yote yawezekane. Mtu huyo ni Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana.

Alikuwa mwana wa Mbatian, laiboni mashuhuri aliyefariki mwaka 1890 hivi. Masimulizi yanadai kwamba mzee huyo alikusudia kumrithisha Sendeyo, lakini Olonana akamtangulia nduguye alfajiri na kupokea vifaa vya ulaiboni. Kweli au si kweli, ndugu hao waliligawanya taifa na kupigana hadi mwaka 1902. Wakati huohuo sotoka iliteketeza ng'ombe, na ndui na njaa zikaua watu. Katika dhiki hiyo Olonana alitafuta mshirika, naye mshirika aliyekuwa karibu alikuwa Mwingereza.

Serikali ya kikoloni ilimfanya mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho wao wenyewe hawakuwa nacho. Laiboni alibariki na kutabiri. Mambo ya malisho na vita yaliamuliwa na wazee na marika. Hivyo ndivyo alivyopatikana mtu mmoja wa kutia alama kwenye karatasi kwa niaba ya maelfu.

Karatasi haikukawia kuletwa. Reli ilikuwa imeshuka kutoka nyanda za Kikuyu, ambako mwanzoni mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma hadi sakafu ya Bonde la Ufa. Ikapita Naivasha na Nakuru, ikafika ziwani Kisumu mwezi Desemba 1901. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, na shehena ya kulipia gharama hiyo ilikuwa haba mno. Kamishna Charles Eliot aliamua kwamba dawa ni walowezi: walime, wafuge, garimoshi lipate mzigo. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro, hatua chache tu kutoka Nakuru.

Agosti 1904 Olonana na wazee wenzake waliweka alama kwenye mkataba. Ulieleza kwamba Wamaasai wamekubali kwa hiari kuondoka karibu na njia ya reli na ardhi yoyote itakayofunguliwa kwa Wazungu. Wengine wangekwenda Laikipia, wengine kusini, na maeneo hayo yangeunganishwa kwa njia yenye upana wa nusu maili. Mkataba ungedumu maadamu taifa la Wamaasai lingali hai.

Ulidumu miaka saba. Walowezi waliitamani Laikipia nayo. Olonana alifariki Machi 1911, na maofisa wakatangaza kwamba wosia wake ulikuwa kwamba watu wake wahame tena. Mwezi uliofuata mwanawe, kijana mdogo, alitia alama kwenye mkataba wa pili. Watu wapatao 10,000 wakaswagwa kusini na mifugo yao. Ole Gilisho, kiongozi wa Laikipia, alipinga, na shauri likafika mahakamani mwaka 1913. Majaji wakasema Wamaasai ni taifa la kigeni, na mkataba wao haumo katika mamlaka ya mahakama. Naam, wageni katika nchi yao!

Wapo wanaomwita Olonana msaliti, nao humlinganisha na Koitalel arap Samoei wa Wanandi, aliyeipinga reli kwa silaha hadi alipouawa kwa risasi Oktoba 19, 1905. Aidha, wapiganaji wa Kimaasai walitumiwa katika vita hivyo dhidi ya Wanandi, na hilo halifichiki. Hata hivyo, hukumu hiyo naiona kuwa nyepesi. Mmoja alipigana, mwingine akapatana, na wote wawili wakapoteza ardhi. Kosa la Olonana lilikuwa kuamini kwamba ahadi ina nguvu hata kama mwenye kuitoa ndiye pia mwenye kuihukumu.

Leo kilele cha Mlima Kenya na shule jijini Nairobi vina jina lake. Hiyo ni heshima, lakini si fidia. Reli mpya ilifika Suswa mwaka 2019, katika malisho yaleyale, na miji ya Bonde la Ufa inapanuka. Maendeleo hatuyakatai. Lakini kabla ya kupimwa ardhi kwa ajili ya reli, barabara au bandari kavu, wanaoishi hapo wasomewe mkataba katika lugha yao, wasimame na wakili wao, na walipwe kabla ya kuhama. Wazee walisema mgeni na aje ili mwenyeji apone. Mwaka 1904 mgeni alikuja, mwenyeji akafukuzwa.