MAISHA YA MALKIA ELISABETH WA AUSTRIA: USO ULIOLINDWA KAMA HAZINA

Katika jarida letu tumezoea kusoma maisha ya mashujaa wa vita, viongozi wa nchi na watunzi wa mashairi. Mimi leo nimeonelea nichepuke kidogo. Nataka kuwasimulia maisha ya mwanamke ambaye vita vyake vikuu alivipigana mbele ya kioo. Alitaka uso wake uwe laini, mchangamfu, kama wa mtu aliyelala usingizi mnono, tangu alfajiri hadi usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Huyu si mwingine ila Elisabeth, mke wa Kaizari wa Austria, ambaye nyumbani kwao walimwita Sisi. Tafadhali msicheke! Jina hilo ni lake kweli, wala halina uhusiano wowote na "sisi" ya Kiswahili.

Nimemchagua kwa sababu jambo lililomhangaisha yeye linatuhangaisha nasi pia. Nani kati yetu hapendi kuingia darasani na uso mkunjufu? Mwanafunzi akiamka macho yamemvimba, hukimbilia kioo kabla ya kukimbilia uji. Mara krimu hii, mara sabuni ile. Nanyi wavulana msijitoe, maana tunawaona mkijitazama kwenye vioo vya madirisha mkidhani hakuna anayewaona. Haya basi, tusikilizane.

Elisabeth alizaliwa tarehe 24 Desemba 1837 mjini Munich, katika nchi ya Bavaria ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme, lakini hakuwa na kazi serikalini. Kwa hivyo watoto walikua kwa uhuru mwingi, hasa huko Possenhofen, kando ya ziwa Starnberg. Elisabeth alipanda farasi, akakimbia mashambani na kucheza na ndugu zake. Wakati huo hakuna aliyemsumbua kuhusu uso wake.

Mambo yaligeuka Agosti 1853. Mama yake alimpeleka dada yake mkubwa, Helene, katika mji wa Ischl ili aposwe na Kaizari Franz Joseph, aliyekuwa na umri wa miaka 23. Elisabeth alichukuliwa kama msindikizaji tu. Kumbe Kaizari alipowaona wote wawili, macho yake yalimwangukia mdogo! Elisabeth alikuwa na miaka 15. Walifunga ndoa mjini Vienna tarehe 24 Aprili 1854, bibi arusi akiwa na miaka 16. Hebu fikirieni: huo ni umri wa wengi wetu wa shule ya sekondari. Alichaguliwa kwa uso wake kabla hajajua yeye mwenyewe ni nani, na tangu siku hiyo dunia nzima ikawa inamtazama usoni.

Maisha ya jumba la kifalme yalimbana. Kila hatua ilikuwa na sheria yake. Mama mkwe wake, Sophie, ambaye pia alikuwa mama yake mkubwa kwa kuwa alikuwa dada wa mama yake, alichukua malezi ya watoto. Binti wa kwanza, aliyezaliwa mwaka wa 1855 na kupewa jina la nyanya yake, alifariki mwaka wa 1857 akiwa na miaka miwili tu. Baadaye Elisabeth aliugua, na mwaka wa 1860 akaenda kupumzika katika kisiwa cha Madeira. Aliporejea Vienna mwaka wa 1862 hakuwa tena yule msichana mwoga. Alikuwa ametambua kwamba katika jumba lile alikuwa na silaha moja tu, nayo ni uzuri wake. Akaanza kuulinda kama askari alindavyo benki.

Sasa tuje kwenye siri zake za uso, maana najua hapo ndipo wengi mnaposubiri. Aliamka mapema sana na kuoga maji baridi. Poda na rangi za usoni, ambazo mabibi wengi wa wakati ule walijipaka, hakuzipenda. Alitumia krimu iliyotengenezwa kwa nta nyeupe, mafuta ya kichwani mwa nyangumi, mafuta ya lozi na maji ya waridi. Wakati mwingine alijipaka matunda ya stroberi yaliyopondwa. Usiku, jamani, alifunika uso kwa vipande vyembamba vya nyama mbichi ya ndama, akavifunga kwa kinyago cha ngozi, kisha akalala! Kitanda chake kilikuwa cha chuma, na alilala bila mto akiamini kwamba hivyo mwili wake utabaki umenyooka. Alipotoka nje mchana alijikinga jua kwa mwavuli.

Je, mambo hayo yalikuwa na faida? Mengine ndiyo. Nta na mafuta vikipakwa huzuia maji yasitoroke kutoka kwenye ngozi, na ngozi yenye maji ya kutosha huonekana laini. Maji ya waridi nayo yanapokauka huupoza uso, ndipo mtu ahisi ameburudika. Mwavuli pia ulikuwa wa maana, kwa kuwa jua kali huikunja ngozi kabla ya wakati wake. Ama nyama ya ndama, sijaona sababu ya kuwanyima mbwa chakula chao.

Nywele zake zilishuka hadi karibu na visigino. Msusi wake, Franziska Feifalik, alizichana na kuzisuka kwa saa mbili hadi tatu kila siku. Kuziosha, kwa mayai na konyaki, kulichukua siku nzima. Hapa ndipo nilipompendea mama huyu. Hakukubali saa hizo zote zipotee bure. Alipokuwa akichanwa, alikuwa akisoma lugha. Alijifunza Kihungaria, lugha ambayo wageni wengi huiogopa kwa ugumu wake, hata akaizungumza vizuri. Baadaye alijifunza Kigiriki, mwalimu akisimama pembeni huku kitana kikipita nywelani.

Lugha ile ya Kihungaria ilizaa matunda. Wakati huo Hungaria ilikuwa chini ya Austria, na watu wake walikuwa na uchungu kwa sababu maasi yao ya mwaka wa 1848 na 1849 yalikuwa yamezimwa kwa ukatili. Elisabeth aliwapenda, akawa na marafiki miongoni mwao, na akamhimiza mumewe apatane nao. Mwaka wa 1867 mapatano yalifanywa, Hungaria ikapata serikali yake ya ndani, na tarehe 8 Juni mwaka huohuo Franz Joseph na Elisabeth wakatawazwa kuwa mfalme na malkia wa Hungaria. Wazuri wa sura walikuwa wengi Ulaya, lakini malkia aliyejitaabisha kujifunza lugha yao Wahungaria walimwona ni wao.

Laiti angeishia hapo! Uzuri, mwenzangu, ni kama deni la riba: kila siku hudai zaidi. Elisabeth alikuwa na urefu wa sentimita 172, lakini alihakikisha uzani wake hauzidi kilo 50 hivi. Kiuno chake, kilichobanwa kwa koseti, kilikuwa kama sentimita 50. Kuna siku alizoishi kwa maziwa, machungwa, au maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye nyama. Aliweka pete na vyuma vya mazoezi katika vyumba vyake kwenye jumba la Hofburg, na vyuma hivyo watalii huviona hadi leo. Alitembea kwa miguu kwa saa nyingi kwa kasi iliyowashinda wanaomsindikiza. Mwili wenye njaa hauwezi kuficha njaa yake. Kwa kufunga chakula, na kwa upepo wa milimani na baharini, ngozi yake ilianza kukunjamana mapema.

Basi alifanya nini? Alijificha. Alipofika umri wa miaka thelathini na kidogo alikataa kupigwa picha tena. Kila alipotoka alibeba pepeo, na mtu akimkaribia tu, pepeo hilo huinuliwa likaziba uso. Mimi nilipolisoma jambo hili nilisikitika sana. Miaka yote aliuchunga uso ili watu wauone, na mwishowe akawa anauficha ili wasiuone. Wachoraji waliotaka sura yake walitumia picha za ujana wake, ndiyo maana ukimtafuta vitabuni leo utamkuta daima ni kijana.

Pigo kubwa lilikuja tarehe 30 Januari 1889. Mwanawe wa pekee wa kiume, Rudolf, alifariki kwa risasi huko Mayerling pamoja na binti aliyekuwa mpenzi wake, kifo cha kujitakia. Jina la Rudolf si geni kwetu Wakenya. Mwaka uliotangulia, yaani 1888, msafiri wa Kihungaria aitwaye Sámuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walifika kwenye lile ziwa kubwa la kaskazini mwa nchi yetu, wakaliita Ziwa Rudolf kwa heshima yake. Waturkana na majirani zao walikuwa na majina yao ya ziwa hilo, lakini ramani zilishika jina la kigeni hadi mwaka wa 1975 lilipoitwa Ziwa Turkana. Kumbe yule mama wa kujificha nyuma ya pepeo ndiye mama wa yule aliyeandikwa katika ramani zetu!

Baada ya msiba huo Elisabeth karibu kila mara alivaa nguo nyeusi. Alisafiri huku na huko kama mtu anayekimbia kitu. Alijenga jumba zuri katika kisiwa cha Corfu, Ugiriki, lakini hata huko hakutulia. Hakuna krimu inayoweza kuutuliza uso wa mama aliyempoteza mtoto.

Tarehe 10 Septemba 1898 alikuwa Geneva, Uswisi, akitembea kutoka hotelini kwenda kupanda meli, akiwa na mwandani wake mmoja tu. Mwitalia mmoja, Luigi Lucheni, aliyechukia watawala wote, alimrukia na kumchoma kifuani kwa tupa iliyonolewa. Elisabeth alianguka, akainuka, akashukuru waliomsaidia, akatembea hadi melini. Hakujua kuwa amechomwa moyo. Koseti yake ilikuwa imebana sana kiasi kwamba damu haikutoka kwa wingi. Alizimia melini, na baada ya muda mfupi akakata roho. Alikuwa na miaka 60. Alizikwa Vienna.

Wenzangu, simwandiki mama huyu ili tumcheke. Kuupenda uso wako si dhambi, na kuutunza ni adabu. Nawe yale yake yaliyofaa uyachukue: nawa uso kwa maji safi, jikinge jua, paka mafuta mepesi, usijirundikie rangi. Kisha ongeza yale aliyojinyima: chakula cha kutosha na utulivu wa moyo. Wataalamu wa afya husema vijana wa umri wetu wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Kwa hivyo wewe unayepiga soga baada ya taa kuzimwa, usiulaumu uso wako asubuhi. Nao wanaonunua kwa siri krimu za kujichubua wajihadhari. Baadhi yazo huwa na zebaki, ambayo hudhuru figo, na ndiyo sababu zimepigwa marufuku nchini kwetu.

Lililonigusa zaidi ni hili. Uso wa Elisabeth ulizeeka kama wa kila mtu. Lugha aliyojifunza huku akichanwa nywele haikuzeeka. Mjini Budapest kuna daraja juu ya mto Danube lililofunguliwa mwaka wa 1903 na kupewa jina lake. Liliharibiwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nao wakalijenga upya na kuliacha na jina lilelile. Kwa hivyo, ewe mwanachama mwenzangu, ukisimama mbele ya kioo kesho asubuhi, jitazame, tabasamu, chana nywele, lakini kitabu cha Kiswahili nacho kiwe mkononi.