Peter Medawar: Mwanasayansi Aliyebaini kwa Nini Mwili Hukataa Kiungo Kigeni

Mgonjwa aliyepandikizwa ini hukabiliwa na hatari mbili zinazovutana: mwili kulikataa ini jipya, na virusi kuushambulia mwili ambao kinga yake imepunguzwa kwa dawa. Msingi wa kuielewa hali hiyo uliwekwa kwa sehemu kubwa na Peter Medawar, mwanasayansi wa Uingereza aliyefariki dunia mwaka 1987.

Medawar alizaliwa nchini Brazil Februari 28, 1915, baba yake akiwa na asili ya Lebanon na mama yake Mwingereza. Alisomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake na mwanajeshi mmoja akaungua vibaya. Madaktari wakamwomba Medawar asaidie kutafuta namna ya kuyatibu majeraha hayo.

Baadaye, mjini Glasgow, yeye na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walimfuatilia mgonjwa wa moto aliyepandikizwa ngozi ya kaka yake. Vipande vya kwanza vilidumu kwa muda, kisha vikaharibika. Vya pili viliharibika haraka zaidi. Mwaka 1943 walieleza kuwa mwili huitambua tishu ngeni na kuikumbuka, kama unavyovikumbuka vimelea vya maradhi.

Mwaka 1953, Medawar pamoja na Rupert Billingham na Leslie Brent walionesha kuwa panya waliopewa seli za panya wa ukoo mwingine kabla ya kuzaliwa walipokea ngozi ya ukoo huo walipokua, huku kinga yao dhidi ya tishu nyingine ikibaki imara. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1960, pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia.

Upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu ulifanywa na Thomas Starzl nchini Marekani mwaka 1963. Tofauti na figo, ini halihitaji ulinganisho mkali wa tishu. Jambo kuu ni kuoana kwa kundi la damu na ukubwa wa ini. Hata hivyo, mpokeaji hulazimika kutumia dawa za kushusha kinga, na kinga hiyo hiyo inayokataa ini ndiyo inayozuia virusi. Mfano ni sitomegalovirusi: hatari yake ni kubwa zaidi pale mtoaji anapokuwa nayo ilhali mpokeaji hajawahi kuambukizwa. Ndiyo maana wote wawili hupimwa mapema, na mpokeaji hupewa dawa za kuzuia virusi au kufuatiliwa kwa vipimo vya damu.

Medawar alipatwa na kiharusi mwaka 1969, lakini aliendelea na utafiti na uandishi hadi alipofariki jijini London Oktoba 2, 1987. Lengo aliloonesha kwa panya, yaani mwili kukipokea kiungo bila kupoteza kinga yake, bado halijawa tiba ya kawaida kwa binadamu. Hadi hapo litakapofikiwa, aliyepandikizwa ini hapaswi kuacha wala kupunguza dawa bila ushauri wa daktari, na anapaswa kuwahi hospitali mara aonapo dalili za homa.