Bi Salme, binti wa Sultani aliyeanika siri za kasri la Zanzibar

Mwaka 1886 kilitoka kitabu Berlin kikieleza maisha ya ndani ya kasri la Zanzibar, upande wa wanawake, ambako mwanamume mgeni hakanyagi. Aliyekiandika ni binti wa nyumba hiyohiyo.

Salme alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi. Wazazi wake waliuawa vitani, yeye akatekwa, na akafikishwa kwa Sultani akiwa bado mtoto mdogo. Salme anaisimulia habari hii nzito kwa upole wa ajabu.

Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma tu. Salme akajifunza kuandika kwa siri, na ujuzi huo ukamponza. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, aliwaandikia barua waliopanga kumpindua kaka yake Majid ili Barghash atawale. Njama ikafeli, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na hilo Barghash hakumsamehe.

Mwaka 1866 akapata mimba ya jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete. Kubaki kungeweza kumgharimu maisha. Akatoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, akabatizwa Emily na kufunga ndoa mwaka uliofuata. Mtoto wao wa kwanza hakuishi. Hamburg wakapata wengine watatu, kisha mwaka 1870 Heinrich akafa kwa ajali ya tramu.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Ujerumani wenye mamlaka walimnyima urithi wa mumewe. Zanzibar, Barghash, sasa Sultani, akamkatalia urithi wa nyumbani kwa kuwa ameacha dini. Mjane wa miaka 25, watoto watatu, huku hana, kule hana.

Mwaka 1885 Barghash na Wajerumani waligombea bara. Hata Moshi, Jenerali Mathews alifika kwa niaba ya Sultani, kisha Jühlke akaja kufunga mkataba na Mangi Rindi. Bismarck akatuma manowari Zanzibar, na Salme akapelekwa huko pia, madai yake yakiwa kisingizio kizuri. Barghash alipolegea, Bismarck hakuwa na haja naye tena.

Kitabu chenyewe kina doa. Salme anawatetea wanawake wa kasri dhidi ya dharau za Wazungu, na hapo ana hoja, lakini anautetea na utumwa. Mtoto wa mama aliyenunuliwa!

Alifariki Jena, Februari 29, 1924, na akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya Zanzibar aliokuwa ameutunza. Ya kasri aliyatoa mwenyewe akiwa hai. Ya ujane na upweke wa Ujerumani aliyaacha kwenye barua, ambazo zilichapishwa mwaka 1993.