Sultani Barghash na waya ya bahari



Sisi tuliokimbia tukarudi Bunyakiri, habari ya Barghash bin Said wa Unguja inatugusa. Naye alikuwa mutu wa kufukuzwa. Mwaka 1859 alitaka kumunyang'anya kaka yake Majid kiti, akashindwa, Waingereza wakamupeleka Bombay. Alirudi 1861. Aliyoyaona kule hakuyasahau: alipopata kiti, 1870, alileta maji ya mfereji mjini.

Misafara ya Unguja ilifika paka huku kwetu, mashariki ya Kongo. Ilileta Kiswahili, ikabeba pembe na watu pia. Soko la watumwa alilifunga 1873 tu, tena kwa kulazimishwa na Waingereza.

Mwaka 1879 kampuni moja ya Waingereza ililaza waya chini ya bahari kutoka Aden, ule mji wa jangwa, paka Unguja. Mbele ya pale habari ilingoja meli, wiki na wiki. Sasa ilifika siku ile ile. Njo ile watu waliita simu, neno tunalolisema leo tukipanda kilima kutafuta rezo.

Aprili 1885 Barghash alipiga simu Berlin kwa Kaiser, kulalamika kwamba Wajerumani wamechukua Usagara na inchi za jirani. Simu ilifika mbio. Agosti, manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Akakubali. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walipatana bila yeye, wakamuachia visiwa na pwani yenye upana wa maili 10. Alikufa Machi 1888.