Gustav Adolf na Binti Yake

Vita vya Gustav Adolf, mfalme wa Uswidi, twavijua. Habari za mtoto wake hazisimuliwi sana. Alishika ufalme mwaka 1611, hajatimiza miaka 17, akarithi na vita tatu. Mkewe, Maria Eleonora, alizaa, na watoto wakafa. Hata mwaka 1626 akazaliwa Christina. Wakunga walimdhania kuwa mwanamume, wakatangaza hivyo. Walipotambua kosa lao, wakaogopa kumwambia mfalme. Dada yake Katarina ndiye aliyempelekea habari. Naye hakukasirika, akafurahi, akaagiza binti huyo afunzwe kama mwana atakayetawala.

Christina mwenyewe aliandika baadaye kwamba, akiwa mtoto mchanga bado, baba yake alimchukua Kalmar. Mkuu wa ngome akasita kupiga mizinga ya salamu, asije akamtisha. Mfalme akaamuru ipigwe, maana mtoto wa askari hana budi kuizoea. Mtoto akacheka, akapiga makofi.

Mwaka 1630, alipokuwa tayari kuvuka bahari kwenda Ujerumani kuwasaidia Waprotestanti, alimkabidhi mikononi mwa wakuu wa nchi. Nadhani alijua huenda asirudi. Mwezi wa Novemba 1632, huko Lützen, ukungu ulitanda. Akatengwa na askari zake, akauawa. Jeshi lake likashinda. Christina hakuwa ametimiza miaka 6.

Mjane alikataa mume wake asizikwe, hata mwaka 1634. Christina akatawala, kisha mwaka 1654 akaacha enzi, akaingia Kanisa la Roma. Baba amezikwa Stockholm, binti Roma.