Caroline Haslett na plagi ya miguu mitatu

Katika biashara ya vifaa vya umeme Kamembe, plagi za aina mbili hukutana. Kuna ile ya miguu miwili ya duara, iliyozoeleka Rwanda, Burundi na Kongo tangu enzi za Wabelgiji, na kuna ile ya miguu mitatu bapa inayokuja na pasi au birika kutoka Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Kamati iliyoizaa hii ya pili ilikuwa na wajumbe 20, na mwanamke alikuwa mmoja tu: Mwingereza Caroline Haslett.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1895 huko Worth, katika jimbo la Sussex, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya ishara za reli na mpenzi wa vyama vya ushirika. Binti alisomea ukarani London, akaingia harakati za wanawake kudai kura, kisha akaajiriwa na kampuni ya Cochran iliyotengeneza boila. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliacha meza ya ofisi akahamia karakana, na huko ndiko alikojifunza uhandisi.

Mwaka 1919 akawa katibu wa kwanza wa Chama cha Wanawake Wahandisi. Mwaka 1924 akashiriki kuanzisha Jumuiya ya Umeme ya Wanawake, akaiongoza kwa zaidi ya miaka 30. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mama aliyeshinda akibeba makaa, akichemsha maji na kufua kwa mikono angepumzika kama umeme ungeingia nyumbani, mradi tu auelewe na asiuogope. Jumuiya hiyo ikawafundisha wanawake kusoma mita, kubadili fyuzi na kutambua waya mbovu. Mwanamke yeyote auzaye bidhaa za umeme leo Rusizi au Bukavu angemwelewa.

Kamati yenyewe iliundwa mwaka 1942, vita vikiendelea. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu na shaba ilikuwa adimu. Tena soketi za Uingereza zilikuwa vurugu tupu: za ampea 2, za 5, za 15, kila moja na plagi yake, na ile kubwa kwa kawaida ilihitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi. Ripoti ilitoka mwaka 1944. Ilipendekeza waya utoke kwenye boksi, upite soketi zote za eneo, kisha urudi palepale ulipoanzia, kama pete. Kila soketi hupata umeme kutoka pande mbili, hivyo waya mwembamba unatosha. Kwa vipimo vya leo, waya wa milimita za mraba 2.5 uliopigwa kwa pete hulindwa na breka ya ampea 32. Waya huohuo ukipigwa kama tawi, yaani uishie kwenye soketi ya mwisho bila kurudi, hulindwa kwa ampea 20. Ukitaka tawi la ampea 32 itabidi ununue waya mnene wa milimita 4.

Lakini breka ya ampea 32 haiwezi kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani. Utaungua kabla breka haijashtuka. Ndiyo maana fyuzi ilitiwa ndani ya plagi yenyewe: 3 kwa taa na redio, 13 kwa pasi na birika. Mguu wa juu, ule wa ethi, ukafanywa mrefu ili ufungue vifuniko vya soketi, na mtoto asiweze kuingiza msumari. Usalama wa nyumbani ulikuwa uwanja wa Haslett, na alikuwa ameupigania kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Kiwango cha plagi hiyo kilitangazwa mwaka 1947. Mwaka huohuo Haslett alipewa cheo cha heshima cha Dame na kuwa mwanamke wa kwanza katika Mamlaka ya Umeme ya Uingereza.

Pete ina kasoro yake. Ikikatika mahali pamoja, soketi zote huendelea kuwaka, wenye nyumba wasijue, huku upande mmoja ukibeba mzigo uliokusudiwa kwa pande mbili. Tawi likikatika, soketi za mbele huzimika na fundi huitwa siku hiyohiyo. Wabelgiji walibaki na matawi, na plagi zao hazina fyuzi kwa sababu breka ndogo yatosha.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoguswa. Umeme wenyewe haujui mpaka. Kituo cha Ruzizi II huhudumia Rwanda, Burundi na Kongo, na volti za ukanda wote ni 220 hadi 240. Kwa hiyo pasi ya Kampala itafanya kazi Bukavu. Ila anayekata plagi ya miguu mitatu na kufunga nyembamba ya miguu miwili ametupa vitu viwili, fyuzi na ethi. Kwa redio ya plastiki hasara ni ndogo. Kwa pasi ya bati ni hatari ya kifo, kwani bila ethi bati lote laweza kushika umeme. Ya kufunga ni plagi nene ya Kibelgiji yenye tundu la ethi, kwenye soketi iliyounganishwa ethi kweli. Na fundi anayepiga pete yenye breka ya 32, kisha akaweka soketi za Kibelgiji, amechukua nusu ya kazi ya kamati ile na kuiacha nusu iliyoifanya iwe salama.

Haslett alifariki tarehe 4 Januari 1957, katika jimbo la Suffolk, nyumbani kwa dada yake. Katika wosia wake aliomba mwili wake uchomwe kwa umeme.